Mikono Iliyogeuka Maji

Kabla ya kuwa na kampuni nilikuwa mwalimu wa kompyuta katika chuo kidogo mjini Lodwar. Likizo moja nilitumwa Kakuma kufundisha darasa la mchanganyiko, wakimbizi na wenyeji pamoja, ndani ya chumba cha mabati ambacho kufikia saa nne asubuhi kilikuwa tanuri. Mwanafunzi mmoja hakuhitaji kufundishwa. Alikuwa mwanamume mzima kutoka Bukavu, aliyeanza chuo kikuu kwao na kukimbia vita kabla hajamaliza. Wakati mimi naeleza jinsi ya kuhifadhi faili, yeye alikaa nyuma akiandika programu yake mwenyewe, wala hakujificha. Nilimwendea nikamwuliza anaandika nini.

"Natafuta namna dada yangu ataongea na bwana yake," akasema.

Dada yake alikuwa kiziwi tangu utotoni, na mumewe vilevile. Walifika Kakuma pamoja wakaishi pale miaka kadhaa. Kisha mume akapata habari kwamba mama yake mzazi yu hai, yuko katika makazi ya wakimbizi magharibi mwa Uganda, naye ni mgonjwa. Akaenda kumwona, akabaki huko kumuuguza. Mume na mke hawakupata shule, kwa hiyo ujumbe wa kuandika haukuwafaa. Lugha yao ilikuwa mikononi. Walitumiana video, lakini mtandao wa upande ule wa kambi ulikuwa dhaifu, na hata video fupi ingeweza kushinda kutwa kwenye simu isiondoke. Ukiibana kwa programu za kawaida ili iwe nyepesi, inafika, ila vidole havionekani.

Alinieleza sababu yake kwa utaratibu ambao mimi mwenyewe sikuwa nao darasani. Video ni picha nyingi zinazofuatana haraka. Ukuta ulio nyuma ya mtu haubadiliki, basi huna haja ya kuutuma tena na tena. Unautuma mara moja, halafu unatuma kile kilichosogea. Na katika kile kilichosogea, unatupa ambacho jicho halitatambua kwamba hakipo. Kazi yote iko hapo, kuamua nini kitupwe. Programu nyingi hulinda uso, kwa kuwa watu wengi hutazama uso. Vidole vikienda kasi, huvigeuza ukungu na kuendelea na safari. Yeye alitaka yake itafute mikono kwanza, iilinde, kisha itupe mengine yote: ukuta, shati, rangi, hata uso ikibidi.

Nilirudi Lodwar nikiwa siwezi kufikiria jambo jingine. Tukaanza kushirikiana, yeye akiandika, mimi nikijaribu kwenye simu za kila aina nilizoweza kuazima. Mwanzoni mikono ilifika ikiwa safi lakini mtu mwenyewe hana kichwa. Tukarekebisha. Ikawa inadhani majani ya mkoma yanayopepea ni vidole. Tukarekebisha tena. Siku programu ilipokubali, nilikuwa uani kwa dada yake pale Kakuma, nimekaa kwenye dumu lililogeuzwa. Alijirekodi, akatuma, na chai niliyopewa ilikuwa bado moto jibu liliporudi. Aliitazama simu, akacheka kwa sauti kubwa, sauti asiyoisikia mwenyewe, majirani wakachungulia. Nilimwuliza ndugu yake shemeji amesema nini.

"Analalamika maharagwe ya huko," akasema. "Hayana chumvi."

Basi hivyo ndivyo kampuni ilivyoanza. Tulipanga chumba Lodwar nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, na kaunta ndogo Kakuma mjini. Karatasi za kampuni zilibeba majina yetu wote wawili, ingawa lake lilisumbua, kwani kila ofisi ilidai cheti ambacho ofisi nyingine ilisema hakipo. Kila alipotaka kuja Lodwar ilibidi aombe kibali cha kutoka kambini. Mara alipewa, mara aliambiwa arudi wiki ijayo. Kuna mikutano muhimu ambayo mwanzilishi wa kampuni aliisikiliza kwa simu, mtandao ukikatika kila mara, na mimi nikamwakilisha kwa maneno yangu ambayo hayakuwa mazuri kama yake.

Watumiaji wa kwanza walikuwa viziwi wa kambini, kisha viziwi wa Lodwar, kisha jamaa zao wa mbali. Hao hawakutosha kutulipia hata umeme. Tukatafuta wengine: wapiga picha za harusi, wahubiri waliotaka mahubiri yao yafike vijijini, zahanati zilizotuma video ya kidonda kwa daktari wa mbali. Mfanyabiashara mmoja wa mbuzi kutoka Lokori alijaribu kutuma video ya wanyama wake kwa mnunuzi. Programu ikalinda mikono ya mchungaji aliyekuwa akiwasukuma, na mbuzi wakafika kama mawe ya rangi ya vumbi. Mnunuzi akampigia simu kumwuliza kama anauza mikono. Tulicheka sana, kisha ikabidi tufanye namna ya kumwezesha mtu kuchagua: mikono, wanyama, au uso.

Mama yangu alikuja kutoka Kataboi kuona kazi iliyonifanya niache mshahara wa chuo. Alileta samaki wakavu, akasalimia kila mtu ejok, akakaa kwenye kiti chetu cha wageni na kuuliza tunauza nini. Nikamwambia tunachukua kitu kikubwa tunakifanya kidogo ili kipite njia nyembamba. Akafikiri, akauliza kile kinachobaki huwa tunakipeleka wapi. Nikamwambia hakipelekwi popote, kinapotea. Hakuuliza tena, ila nilimwona hakuridhika.

Ndipo wakaja watu wa Nairobi. Walikuwa kampuni kubwa yenye programu za simu zinazotumiwa nchi nzima, na walikuwa wakitafuta njia ya kubana video kwa wateja wa vijijini. Mkurugenzi wao alikuwa mtu mpole, alikunywa maji chupa baada ya chupa kwa sababu ya joto la Lodwar, na alisikiliza vizuri. Alimsifu mwenzangu hadi mwenzangu akainamisha uso. Walinunua sehemu kubwa ya kampuni, nasi tukatia sahihi wote wawili tena kwa furaha. Tukapata kompyuta mpya. Tukaajiri wasichana wawili kutoka chuo changu cha zamani. Tukafungiwa kiyoyozi ambacho kikiwashwa, yule jirani wa kuchomelea anakosa umeme, kwa hiyo hatukukiwasha.

Miezi ya mwanzo ilikuwa mizuri. Baadaye mikutano ikabadilika. Wataalamu wa Nairobi walisema kulinda mikono kunachosha simu za bei ya chini, kunamaliza betri, na kunachelewesha mambo kwa kila mtumiaji wakati wanaohitaji mikono hiyo ni wachache. Mkurugenzi akauliza, bila ubaya wowote, hao wateja wa mikono ni wangapi hasa.

"Ni wale walitufanya tukuwe kampuni," mwenzangu akajibu kupitia simu.

Mkurugenzi akasema ameelewa. Baada ya muda niligundua kwamba neno hilo kwao lilikuwa la kufunga mazungumzo. Tuliandika barua pepe, tulieleza, tulipendekeza kwamba simu zenye nguvu zibaki na mikono na zile dhaifu ziachwe. Tulijibiwa kwa adabu kila mara.

Toleo jipya liliingia kwenye simu za watu lenyewe, kama masasisho yanavyoingia. Sisi hatukuambiwa siku. Tulijua kama watumiaji walivyojua.

Wiki ile nilikuwa Kakuma. Nilikuwa kaunta na mwenzangu tukifungua katoni ya vifaa, dada yake akaingia akiwa na simu mkononi. Hakunisalimia, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Siku zote alikuwa akinishika mikono miwili na kunifundisha ishara moja mpya kabla sijakaa. Aliiweka simu mezani, akazungumza na ndugu yake kwa haraka, vidole vikigongana. Mwenzangu akaichukua simu kabla ya kunitafsiria. Nilimwuliza.

"Anasema mikono ya bwana yake imekuwa maji."

Tuliitazama ile video pamoja. Shemeji alionekana vizuri kuliko wakati wowote. Uso ulikuwa safi hata ungeona kwamba hakunyoa, na kwamba macho yalikuwa mekundu. Lakini kuanzia kwenye vifundo vya mikono kwenda mbele kulikuwa na kitu cha kijivu kinachotiririka, kama unavyoona mkono wako ukiutia mto Turkwel wakati wa mafuriko. Alizungumza kwa muda mrefu. Sura yake ilionyesha kwamba ni jambo zito. Mkewe alimrekodia kumwomba arudie, video ikaenda, lakini haikufunguliwa. Tulijaribu kupiga, simu haikupatikana. Ilikuwa simu ya kuazima, ya jirani yake kule, na hatukujua jirani huyo ni nani.

Mwenzangu alifungua ile video kwenye kompyuta, akaipitisha picha moja moja. Dada yake alivuta kiti akakaa karibu kabisa na kioo. Sehemu nyingi hazikuwa na kitu. Mara chache mikono ilipotulia kidogo ndipo kidole kilijitokeza, au ukingo wa kiganja, naye akawa anamshika nduguye bega asimamishe. Akatambua ishara ya cherehani. Akatambua kitu kinachoweza kuwa njia au mto. Na mwisho kabisa, shemeji alipokuwa amechoka na mikono ikienda polepole, akatambua viganja viwili vikipanguswa kimoja juu ya kingine. Aliiona hiyo akainuka.

Nilimwuliza mwenzangu ile ishara ina maana gani. Akaniambia kwao hutumika kwa jambo lililokwisha. Kazi ikiisha, chakula kikiisha, ugomvi ukiisha. Hata ndoa.

Nilisema lazima kuna njia ya kuirudisha ile video kama ilivyokuwa. Nilisema hivyo nikiwa mwalimu wa kompyuta, nikijua jibu. Mwenzangu, aliyezoea kuniita dada, alinitazama kama mtu aliyechoka.

"Haiko, dada. Kile kimetupwa hakiko mahali. Yenye ilikuwa kamili ilibaki kwa ile simu ya huko."

Kuanzia hapo dada yake aliamini kwamba ameachwa. Hakulia mbele yangu. Alipunguza kuzungumza, na kwa mtu kama yeye hilo lilionekana waziwazi: mikono iliyokuwa haitulii ilikaa mapajani. Aliacha kwenda ibada ya Jumapili ambako viziwi wenzake walikuwa na benchi lao. Nilipofika nyumbani kwao alinipa chai na kwenda kukaa upande wa pili wa ua. Nilikuwa nimejifunza ishara za kutosha kumwambia kwamba hatujui, kwamba inaweza kuwa jambo jingine. Alinitazama mikono mpaka nikamaliza, akaitika kwa kichwa, akaendelea kupepeta mchele.

Mimi na mwenzangu tulianza kukosana wakati huo. Yeye alitaka tujitoe kwenye kampuni mara moja na kuwatangazia watumiaji sababu. Mimi niliona tukitoka hakuna atakayebaki ndani kudai mikono irudishwe. Wale wasichana wawili tuliowaajiri walikuwa wakisomesha wadogo zao. Tulibishana kwa simu, tulibishana kwenye kaunta mlango ukiwa umefungwa, kila mmoja akidhani akieleza mara moja zaidi mwenzake ataona. Sidhani kulikuwa na mwenye haki peke yake. Siku moja alisema, kwa sauti ya chini:

"Wewe unaweza kungojea wale watu, dada. Mimi kila jioni narudi nyumba moja na dada yangu."

Mwisho wa mwezi ule alijitoa. Aliandika mistari michache, akakabidhi kompyuta ya kampuni ikiwa imefutwa vumbi, na hakuwatangazia watumiaji neno lolote. Alisema hana nguvu ya vita viwili.

Akazielekeza nguvu zake kumtafuta shemeji. Aliuliza kupitia kanisa la Wakongomani, kwaya ikaulizia kwaya nyingine ng'ambo ya mpaka. Nami niliuliza kwa watu niliowajua katika mashirika, nikajibiwa kwamba habari za mkimbizi hazitolewi ovyo, jambo ambalo ni sawa kabisa. Viziwi wenyewe ndio waliofika mbali. Seremala mmoja kiziwi aliyekuwa akifanya kazi Lopur alikuwa na rafiki Kampala, rafiki huyo alikuwa na wenzake magharibi, na kati yao kila mgeni hujulikana upesi kwa sababu si wengi. Mvua zilikuwa zimeshuka, laga la Tarach, mto wa msimu, limejaa na kukata njia kati ya mji na kambi, ndipo habari ikaja kwamba kuna fundi cherehani kiziwi, Mkongomani, anashona kwenye kibaraza cha duka katika mji mmoja mdogo karibu na yale makazi.

Mchungaji wa huko alimpa shemeji simu yake. Mwenzangu alinipigia niende, pamoja na yaliyokuwa kati yetu, na mimi nilivuka laga maji yalipopungua, viatu mkononi. Nilikuta amemwekea dada yake toleo letu la zamani, na kule ng'ambo kijana wa kanisa amefanya vivyo hivyo. Picha ilipotokea, uso wa shemeji ulikuwa wa mabakamabaka, lakini kila kidole kilikuwa kidole.

Alizungumza yeye kwanza. Mkewe hakusogea. Kisha akafunika mdomo, akaanza kutikisa kichwa, akajibu, akajibu tena, na machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Mwenzangu aligeukia ukutani. Nilisubiri mpaka simu ilipozimwa ndipo nikaambiwa.

Shemeji alikuwa ameuliza kwa nini mkewe hakumpa pole. Ile siku alimweleza kwamba mama amefariki. Ile ishara ya mwisho ilikuwa ya mama: amekwisha, tumemzika. Alimweleza kwamba jirani mwenye simu anahama, kwamba yeye anakwenda mjini kushona, kwamba amtafute kwa fundi fulani karibu na daraja. Kisha akangoja. Alijua video imefika, kwani aliona alama ya kufika kabla jirani hajaondoka. Kwa miezi yote ile aliamini kwamba mkewe alipokea habari ya msiba na kunyamaza.

Walipatana, kama watu wanavyoweza kupatana. Lakini mke aliniambia baadaye, kwa ishara za polepole ili nielewe, kwamba kuna matanga ambayo hayawezi kukaliwa baadaye. Alishughulikia karatasi, ikachukua muda mrefu, kisha akamfuata Uganda. Tulimsindikiza stendi. Alinishika mikono miwili kama zamani. Hakunifundisha ishara yoyote.

Mimi nilibaki kwenye kampuni. Niliwapelekea watu wa Nairobi kisa chote, bila kumtaja mtu, na nadhani mkurugenzi aliguswa, kwa sababu baada ya muda mikono ilirudishwa. Waliiweka ndani ya mipangilio, chini ya vitu vingi, kwa maneno ya Kiingereza. Nilizunguka kambini na mmoja wa wale wasichana tukiwaonyesha watu pa kubonyeza. Wengine walikwisha kuiacha programu. Mzee mmoja kiziwi wa Lodwar alinikatalia simu yake nisiiguse, na sikumlaumu.

Mwaka uliofuata mkurugenzi alipiga simu. Alisema kubana video sasa kumewekwa ndani ya programu yao kubwa na hakuna tena haja ya ofisi ya Lodwar. Aliniomba radhi, akaniahidi barua nzuri ya sifa, na barua ilikuja kweli. Yule jirani wa kuchomelea alikichukua chumba chetu kuwa stoo. Wasichana walipata kazi, mmoja ofisi za kaunti, mmoja duka la simu. Mimi nilirudi chuoni, kwa darasa lile lile na mshahara ule ule.

Mwezi uliopita nilipelekwa Kakuma kusimamia mtihani. Baada ya kukusanya karatasi nilitembea hadi sokoni, ambako mwenzangu ana kibanda cha kutengeneza simu. Alifurahi kuniona, nadhani. Alinitolea kigoda, akaagiza chai, akaniuliza habari za mama. Nilimwambia mama hajambo, miguu tu inamsumbua. Nilimwuliza habari za dada yake, akasema wako salama, shemeji amepata cherehani ya pili. Tukazungumza juu ya joto, na barabara, na bei ya sukari. Kompyuta yake ilikuwa wazi nyuma yake, imejaa mistari ya programu ambayo sikuitambua. Sikuuliza ni ya nini.

"Huko Nairobi," akasema akiwa ameinamia simu aliyokuwa akiifungua, "bado wanatumia ile yangu?"

Nilimwambia sijui, na ilikuwa kweli; walivyoiunganisha na yao, hata mimi nisingeweza kuitofautisha. Akaitika, akapuliza vumbi ndani ya simu. Alikuja mama mmoja wa Kisomali na simu iliyovunjika kioo, akatafuta mahali pa kukaa. Nilimwachia kigoda.